Kipimo cha Udongo Nacho Hupimwa

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na wanachama wa kikundi cha bustani.)

Shikamooni wazee. Ndugu wanakisomo wenzangu, hamjambo? Habari za nyumbani? Na za bustani je?

Naona mmecheka. Sababu ya kicheko naijua. Habari za bustani si njema sana, na katika jambo hilo mimi mwenyewe nimo. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii. Kikundi kimeamua kununua kipimo kingine cha udongo, na mmenitaka nieleze namna ya kukichagua na namna ya kukitunza. Nitaeleza. Lakini kwanza nieleze jinsi nilivyokiua kile cha kwanza, kwa sababu wapo wenzetu ambao hawakuwepo mwaka jana, na wapo watakaoyasoma maneno haya gazetini wakiwa mbali na hapa.

Tulivyokosea

Bustani yetu iko upande wa Bahi, mkoani Dodoma, chini ya lambo. Tunalima nyanya, kabichi na mchicha. Maji ya kumwagilia tunateka kisimani. Mwaka jana kikundi kilitoa fedha katika mfuko wake kikanunua kipimo cha pH. Kilikuwa kifaa kidogo, urefu wake kama kalamu ya wino, chenye betri, kioo cha kuonyesha tarakimu, na ncha ya kioo chini. Mlinikabidhi mimi nikitunze. Mlisema, "Mwalimu ndiye mwenye kujua mambo haya."

Basi, mwalimu alikiweka dirishani katika darasa la kisomo. Kifuniko chake kilipotea wiki ya kwanza. Jua la Dodoma mnalijua. Kilikaa hapo miezi mitatu, ncha yake ikiwa wazi, juu yake vumbi la chaki.

Siku ya kupima ilipofika nilikichukua, nikakipangusa kwa ncha ya shati, nikakichovya katika udongo uliokorogwa na maji. Kikaandika 5.5. Mimi nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba udongo wa 5.5 una uchachu mwingi, na kwamba dawa ya uchachu ni chokaa na majivu. Nikawaambia hivyo. Niliwaambia kwa sauti kubwa, maana nilifurahi kwamba kitabu na kifaa vimepatana.

Hapo bibi mmoja, mwanakisomo mwenzetu, ambaye leo amekaa pale karibu na mlango, alisimama. Akasema, "Mwalimu, mbona udongo huu ng'ombe wanaulamba? Na mbona wakati wa kiangazi unatoa weupe juu? Sisi tangu utoto tunaujua kuwa ni wa magadi." Nilimjibu nini? Nilimjibu, "Bibi, kifaa hiki hakikisii. Kimepima." Naye akakaa chini, kwa heshima yake, si kwa kuwa nilikuwa na haki.

Tukanunua mifuko 6 ya chokaa. Tukakusanya majivu ya kila jiko. Tukamwaga, tukachanganya, tukapanda miche. Haikupita muda majani machanga ya nyanya yakaanza kuwa ya manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Mchicha ukadumaa. Maua ya nyanya yakapukutika. Tulipopeleka udongo kwenye maabara, jibu lilirudi: 8.6. Nikatafuta maji ya kulinganishia, yale yanayojulikana kuwa ni 7 kamili, nikakichovya kipimo chetu humo. Kikaandika 4.6.

Kwa hiyo kile kifaa kilikuwa kinapunguza zaidi ya 2. Udongo wetu haukuwa 5.5 hata siku moja. Ulikuwa karibu na 8 tangu mwanzo, na sisi tukauongezea chokaa na majivu. Msimu wa nyanya ulipotea. Mama mmoja hapa alikuwa ametegemea mgawo wake wa fedha kwa sare na madaftari ya shule ya mwanawe, akauza kuku ili kuziba pengo. Watu wanne walijitoa kikundini. Siwalaumu.

pH ni kitu gani?

Herufi hizi mbili, p ndogo na H kubwa, husomwa "pi-echi". Ni jina la kipimo cha uchachu, kama kilo ilivyo jina la kipimo cha uzito. Aliyekianzisha ni mtaalamu mmoja wa Denmark, jina lake Søren Sørensen, mwaka 1909. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen. Naona wapika pombe wametabasamu. Ndiyo, watu wa pombe nao wana jambo walilotufundisha.

Kipimo hiki huanzia 0 na huishia 14. Katikati ni 7. Maji safi kabisa ni 7, si machachu wala hayana magadi. Kila tarakimu inapopungua chini ya 7, uchachu unazidi. Maziwa mabichi yako chini kidogo ya 7. Yakiganda yanashuka, yanafika karibu 4.5. Maji ya ndimu ni karibu 2. Sasa tupande upande wa pili. Kila tarakimu inapozidi 7, ndipo tunapoingia upande wa magadi. Magadi yenyewe yakiyeyushwa katika maji hupita 10. Maji ya majivu nayo ni huko huko juu. Ndiyo maana majivu hupunguza uchachu wa udongo, na ndiyo maana ukiyatia katika udongo ambao tayari una magadi unazidisha ugonjwa.

Tarakimu ya baada ya nukta msiiache. 6.5 husomwa "sita nukta tano", maana yake ni katikati ya 6 na 7. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui, hata baadhi yetu walimu. Hatua moja ya pH si ndogo. Udongo wa 5 una uchachu mara 10 kuliko udongo wa 6, na mara 100 kuliko wa 7. Hebu fikiri ndoo mbili za maji, moja umekamulia ndimu 1, nyingine umekamulia ndimu 10. Hiyo ndiyo tofauti ya hatua moja. Kipimo chetu kilikosea kwa hatua 2 na zaidi. Hesabuni wenyewe.

Mboga nyingi za bustani hupenda udongo wa kati ya 6 na 7. Viazi mviringo huvumilia hata 5. Majani ya chai yanapenda uchachu, ndiyo maana wenzetu wa Rungwe na Njombe wanayalima na sisi hatuyawezi. Udongo ukishuka chini ya 5.5 mizizi huumia na mbolea ya fosfeti hushikwa na udongo, mmea hauipati. Udongo ukipanda kupita 8, madini ya chuma na zinki yamo ardhini lakini mmea hauwezi kuyanyonya. Mtu amekaa mbele ya chungu cha ugali, mikono imefungwa kamba. Ndiyo yale majani ya manjano tuliyoyaona.

Dukani

Sasa tukinunua tena, tununue nini? Ziko namna tatu mtakazoonyeshwa.

Ya kwanza ni ile yenye miguu miwili au mitatu ya chuma, ya kuchomeka ardhini. Haina betri. Ina mshale. Wauzaji wanaipenda kwa sababu inaonyeshwa kwa urahisi, unachomeka tu na mshale unacheza. Mimi siwashauri kuinunua. Mshale ule husukumwa na unyevu na chumvi ya udongo pia. Chomeka mahali pakavu, kisha mwagia maji hapo hapo uchomeke tena, utaona unasema jambo jingine. Kwa udongo wetu wenye chumvi ni hatari zaidi.

Ya pili ni karatasi za kupimia. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulitumia karatasi za litmasi. Hizo husema "chachu" au "si chachu", basi. Lakini ziko karatasi bora zaidi, zenye rangi nyingi, na ndani ya kiboksi mna kielelezo cha rangi chenye tarakimu. Hazitaki betri wala matunzo, ila zisiingie unyevu na ziwekwe gizani. Haziwezi kukuambia 6.3 au 6.4, bali zitakuambia kama uko karibu na 5 au karibu na 8. Jamani, mwaka jana tungekuwa na karatasi moja tu ya namna hii, tusingenunua chokaa. Kwa mtu mmoja mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba, karatasi zinatosha. Subiri tu udongo utuame kwanza, maana maji ya tope huficha rangi.

Ya tatu ni ile ya kalamu, yenye betri na ncha ya kioo. Hii ndiyo mliyoamua kununua, na kwa kikundi chenye bustani na kisima ni uamuzi mzuri, kwa sharti kwamba itatunzwa. Kifaa cha namna hii kilitengenezwa Marekani mwaka 1934 na Arnold Beckman, ambaye alitaka kumsaidia rafiki yake aliyehitaji kupima uchachu wa malimau huko California. Wakati ule kilikuwa kisanduku kizima. Leo kinaingia mfukoni.

Mkifika dukani msitazame picha ya boksi. Ulizeni maswali. Je, kinawekwa sawa kwa maji ya kulinganishia ya namna mbili, au moja tu? Takeni cha namna mbili. Je, kinajirekebisha chenyewe kwa joto na baridi? Hilo ni zuri, kwa maana saa sita mchana hapa si sawa na asubuhi. Je, ncha ya kioo ikifa inabadilishwa peke yake? Kama haibadiliki, mtatupa kifaa kizima. Je, maji yake ya kulinganishia na ya kuhifadhia yanauzwa hapa, au hadi Dar es Salaam? Na betri zake je? Kipimo kinachotumia betri zisizopatikana mjini kwetu ni pambo.

Kisha swali ambalo muuzaji hatalipenda: kimekaa dukani muda gani? Ncha ya kioo huzeeka hata kama haitumiki. Mara nyingi maisha yake ni mwaka mmoja hadi miwili. Kipimo kilichokaa rafuni miaka mitatu ni kipya kwa macho tu. Mwambieni akifungue, akichovye mbele yenu katika maji ya 7, akioshe, kisha katika maji ya 4. Kama tarakimu inasimama upesi karibu na pale inapotakiwa, ni kizuri. Kama inatangatanga kama mlevi njiani, rudisheni. Na kama kinaandika jambo lile lile karibu na 7 kila unapokichovya, kioo chake kimepasuka, hata kama ufa hauonekani.

Msishawishiwe kulipa zaidi kwa ajili ya kifaa chenye tarakimu mbili baada ya nukta. 6.5 inatutosha. Ile 6.52 ni ya watu wa maabara. Fedha itakayobaki nunueni maji ya kulinganishia.

Kioo hakitaki kukauka

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo.

Ncha ya kipimo ni kitone cha kioo chembamba sana. Kioo hicho hufanya kazi kikiwa na utando wa unyevu juu yake. Utando ukikauka, kioo kinakuwa kama sikio lililozibwa. Kitaandika tarakimu, maana betri ipo, lakini tarakimu hiyo haina maana. Na hapa ndipo penye ubaya wake. Tochi ikiharibika haiwaki, unajua imeharibika. Redio ikiharibika inakoroma. Kipimo cha pH kikiharibika kinaendelea kuandika tarakimu safi.

Kwa hiyo ncha ikae katika unyevu siku zote. Ndani ya kifuniko mna sifongo au nafasi ndogo. Weka humo matone machache ya maji ya kuhifadhia, kisha funga. Maji hayo yana chumvi yake maalumu, chumvi ya potasiamu, ambayo si ya jikoni. Yakikosekana, kwa siku chache tumia maji ya kulinganishia ya 4. Usiihifadhi ncha katika maji matupu, hata yakiwa safi namna gani. Maji matupu huivuta chumvi iliyo ndani ya ncha ikatoka, na ncha ikafa polepole. Watu wengi hufikiri wanakitendea wema kwa kukitia katika kikombe cha maji ya mvua. Wanakiua.

Kukisuuza ni jambo jingine. Kila baada ya kupima, suuza ncha kwa maji safi yasiyo na chumvi. Ya kisima chetu hayafai. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Lakini hapa sikilizeni sana. Dukani ziko chupa mbili zinazofanana. Moja ni maji ya kuongezea katika betri ya gari, ambayo ni maji matupu yaliyosafishwa. Nyingine ni asidi ya betri, ambayo huunguza ngozi na kupofusha macho. Msikubali kupewa kwa kuonyesha kidole. Someni maandishi ya chupa. Kusoma mnajua.

Ukiisha kusuuza, kung'uta matone, kisha gusisha kitambaa laini yanywewe. Usisugue. Ncha ya shati, kama yangu, ni mwiko. Tope likishika, zungusha ncha katika maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, suuza. Ukiona ukoko mweupe, na kwa maji yetu utauona, ichovye katika siki kwa dakika chache, suuza, kisha uilaze katika maji ya kuhifadhia saa kadhaa kabla ya kupima tena.

Na kikikauka? Kwanza usikitupe. Kilaze ncha usiku kucha katika maji ya kuhifadhia au ya 4, asubuhi kijaribu kwa maji ya kulinganishia. Vingine hupona. Kile cha kwetu nilikilaza usiku mbili, hakikupona.

Kukiweka sawa

Mnapopeleka ufuta kuuza, je, mnakubali kupimiwa na mizani ambayo kabla ya kuweka gunia tayari inasoma kilo 3? Hamkubali. Mnataka kwanza mwone imesimama kwenye sifuri. Basi kipimo cha pH nacho ni mizani. Kila siku ya kupima, kabla ya kugusa udongo, hukaguliwa.

Maji ya kulinganishia huuzwa tayari, au huja kama unga katika pakiti ndogo wa kuyeyushwa katika maji safi yaliyopimwa kama pakiti inavyoagiza. Ya kawaida ni ya 4, ya 7 na ya 10. Mengine yameandikwa 6.86 na 9.18, hayo pia ni mazuri, ila tazama kifaa chako kinataka yapi. Sisi ambao udongo wetu uko upande wa magadi tutatumia ya 7 na ya 10. Wenzetu wa nyanda za juu, ambako udongo ni mchachu, watumie ya 7 na ya 4.

Mimina kidogo katika kikombe kidogo safi. Chovya ncha katika ya 7, zungusha polepole, ngoja hadi tarakimu isimame. Bonyeza kitufe kama karatasi ya maelezo inavyosema. Suuza. Chovya katika ya 10, ngoja, bonyeza. Suuza. Kisha rudi tena katika ya 7 ukione kinasema nini. Kikisema 7 au 7.1, mko tayari. Kikisema 6.5, rudieni. Kikikataa mara ya tatu, acheni kupima siku hiyo, msimwage kitu chochote bustanini.

Maji yaliyotumika yamwagwe. Usiyarudishe katika chupa, utachafua yote. Chupa ikae imefungwa vizuri, kivulini. Yale ya 10 huharibika upesi kwa kuingiwa na hewa, kwa hiyo msiyayeyushe mengi. Andikeni juu ya chupa siku mliyoyafungua.

Na jambo hili nasema kama mzazi: msitie maji haya katika chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anaona soda. Andikeni kwa herufi kubwa: MAJI YA KUPIMIA. SI YA KUNYWA.

Udongo wenyewe

Hili nitalipitia haraka, maana bibi shamba atakuja kulionyesha kwa vitendo.

Usichome ncha ya kioo ardhini. Itavunjika. Chukua udongo mahali 10 katika bustani, kina cha shibiri moja, changanya katika ndoo ya plastiki ambayo haikuwahi kubeba majivu, mbolea wala magadi. Anika kivulini, ponda, chekecha. Maabara hutumia gramu 20 za udongo kwa mililita 50 za maji safi. Asiye na mizani achukue vifuniko 2 vya udongo na vifuniko 5 vya maji, na atumie kifuniko kile kile siku zote. Koroga, acha nusu saa, koroga tena, acha utuame kidogo, kisha chovya ncha katika maji ya juu. Subiri. Watu wa haraka huandika tarakimu ya kwanza waionayo. Ya kwanza siyo, ni ile inayosimama.

Pimeni na maji ya kisima pia. Sisi tulipopima kisima chetu kwa kipimo tulichoazimwa kikakaguliwa vizuri, tulipata 8.4. Kumbe kila jioni tulikuwa tunaubebea udongo magadi kwa ndoo.

Na mjue mpaka wa kifaa hiki. Kitakuambia udongo uko wapi, hakitakuambia utie kilo ngapi za kitu gani. Hilo muulizeni bwana shamba au bibi shamba, na ikiwezekana pelekeni udongo maabara mara moja kabla ya gharama kubwa. Kituo cha utafiti wa udongo kipo Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro. Kwa udongo wetu wa magadi tumeshauriwa kuacha kabisa majivu na chokaa, kutia samadi nyingi iliyooza, na kuuchimbia mifereji ili maji ya mvua yaoshe chumvi ishuke. Jasi nayo husaidia udongo wa namna hii, na nchi yetu inayo, huko Itigi na Makanya, ila mtaalamu atupimie kwanza. Tangu tumetia samadi, mchicha wa tuta la juu umeanza kupata rangi. Nyanya bado.

Daftari lifunguliwe. Kila mara iandikwe tarehe, tuta, tarakimu ya kipimo katika maji ya 7 kabla ya kupima, kisha tarakimu ya udongo, na jina la aliyepima. Mwaka jana hatukuwa na daftari. Niliposema 5.5, hapakuwa na mtu wa kuniuliza, "Kabla ya hapo kilisoma ngapi katika 7?" Safari hii nataka niulizwe.

Lililobaki ni nani atakitunza. Msinipe mimi. Nimezungumza na yule bibi wa karibu na mlango, nikamwomba radhi mbele ya mwenyekiti wa kikundi, na leo namwomba tena mbele yenu. Shikamoo bibi. Amekubali kukiweka kwake, ndani ya kasha, mbali na jiko na mbali na wajukuu. Kila Jumamosi atafungua kifuniko aone kama sifongo ina unyevu, na ataandika daftarini "maji yapo" au "nimeongeza". Ameshajaribu kuandika, na hati yake ni nzuri kuliko yangu.

Jumamosi ijayo kila mmoja alete udongo wa bustani yake ya nyumbani, kiasi cha kikombe kimoja, ukiwa mkavu, katika mfuko safi wenye jina lake. Msichote karibu na jalala la majivu. Wenye karatasi za rangi wazilete pia, tulinganishe. Tutaanza saa mbili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.